Maziwa Yanayokatika Msalato

Msalato,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa magoti, maana kuhusu macho na ulimi wako sina wasiwasi. Sisi huku tu wazima. Mama amepona kikohozi na anakusalimu sana. Anasema tangu mdogo wako, yaani baba yetu, atutoke, hakuna mtu anayemkatiza katikati ya sentensi, na kwamba nyumba imekuwa kimya kupita kiasi.

Barua hii nimempa Obedi, yule karani wa ofisi za serikali za Mtumba anayerudi Mvumi kila Jumamosi kwa pikipiki, kwa kuwa ulikwisha kuirudisha simu niliyokununulia ikiwa bado ndani ya boksi lake.

Nina shida kazini. Uliwahi kuniambia kwamba mtu asiyeweza kueleza kazi yake kwa sentensi nane haijui kazi hiyo. Basi nitajaribu. Kiwanda chetu kinakusanya vyombo vya plastiki vilivyopasuka: ndoo, madumu na mabeseni. Tunavisaga, tunaviyeyusha na kuvikata kuwa punje ndogo za ukubwa wa kunde. Punje hizo huyeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu, zikatoka kreti za kubebea zabibu. Jua la Dodoma huikausha plastiki hadi ikapasuka, kwa hiyo kila punje inahitaji dawa ya kuikinga. Mwaka jana dawa hiyo ilikuwa unga. Unga haushiki kwenye punje. Huteremka hadi chini ya pipa, kreti nyingine zikatoka bila dawa na nyingine zikatoka na dawa ya kuzidi. Wakulima walizirudisha zikiwa zimepasuka, na zabibu zimepondeka ndani yake. Mwaka huu mimi nilipendekeza tutumie dawa iliyo ndani ya mafuta, mafuta hayo tuyachanganye na maji na kitu kama sabuni mpaka yawe meupe, kisha tuzinyunyizie punje. Maji yakikauka, mafuta hubaki yamezipaka punje zote sawasawa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Haiwi.

Mchanganyiko huo mafundi wanauita maziwa. Maziwa yangu yanakatika. Nikigeuka tu, mafuta yamepanda juu, maji yamebaki chini, na katikati yanaelea mabonge kama ya mtindi mbovu. Meneja wetu, Bi. Paskazia, amenipa hadi tarehe 31 Julai. Kreti mia sita zinatakiwa kabla zabibu za Agosti hazijaiva. Amesema, "Tukishindwa, sisi tutarudi kwenye unga na wewe utarudi kwenu." Bado niko kwenye majaribio, Baba Mkubwa. Sina karatasi ya ajira.

Nimekumbuka kwamba Shangazi Ruthu huzipaka mbegu zake za kunde mafuta ya alizeti yenye mwarobaini ili zisibunguliwe. Nilipokuwa mdogo nilimwona akiyachanganya na maji, yakawa meupe na hayakukatika. Naomba umwulize anafanyaje. Nimempigia simu, lakini haipatikani.

Mwanao,
Devota


Mvumi,
Jumapili, 18 Mei 2025

Binti yangu Devota,

Marahaba. Magoti yanalalamika, lakini yanatii. Mtama tumevuna wa kututosha, na yule jogoo mwekundu amekufa kwa uzee, kifo cha heshima. Mwambie mama yako kwamba sikumkatiza mtu bila sababu.

Nimehesabu sentensi zako. Ni kumi na mbili. Hata hivyo, ya mwisho imenifurahisha kwa ufupi wake, kwa hiyo nimekusamehe mbili. Barua yako nakurudishia pamoja na hii. Wino mwekundu si hasira. Ni wino uliokuwa karibu.

Sasa nijibu. Kwanza, kitu kisichotoka kiweleni si maziwa. Hao mafundi wako watafute jina jingine. Pili, umeandika kwamba simu ya huyo uliyemtaja haipatikani. Ninashangaa. Jumapili iliyopita simu hiyo ilipatikana mara mbili ndani ya kanisa. Mlio wake ni wa jogoo anayewika. Mchungaji alikuwa akihubiri habari za Petro, naye alitutazama wote kwa zamu. Huenda mnara wa Msalato ndio mbovu.

Tatu, kuhusu kumwuliza. Jirani yangu wa upande wa mashariki ana shughuli zake, nami nina zangu. Kati yetu kuna ua wa minyaa uliostawi vizuri mwaka huu. Jambo la karanga silizungumzi, wala usiniulize.

Ushauri wangu ni huu: koroga kwa muda mrefu zaidi, tena kwa upande mmoja. Vijana wa siku hizi hukoroga kama wanaopunga mkono.

Wako katika ukoo,
Bartolomayo


Msalato,
Ijumaa, 23 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Poleni kwa msiba wa jogoo. Mama amecheka mpaka kikohozi kikarudi, lakini si kibaya.

Nimekoroga. Nimekoroga kwa upande mmoja saa moja kwa saa ya mkononi, kwa fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye mashine ya kutobolea. Maziwa yalishika kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha yakakatika. Khamisi, fundi wa mtambo, alisimama akayatazama, akasema, "Dada Devota, haya si ya kunyunyizia. Tuyachuje, tuuze jibini." Siku ya pili alikuja na mkate.

Na sasa nina kosa la pili. Yale machache yasiyokatika, ninapozinyunyizia punje, hayakauki. Punje zinabaki na unyevu, zinagandamana kama ugali uliolala, na koo la mtambo linaziba. Ninazinyunyizia asubuhi, zikiwa zimepoa vizuri, kwa uangalifu wote. Maelekezo ya pipa la mafuta lililotoka Dar es Salaam yanasema niongeze maji safi tu. Maji yetu ya kisima kirefu ni angavu kama kioo. Sielewi.

Baba Mkubwa, usiniandikie kwa wino mwekundu kwa nitakaloandika sasa. Najua habari ya karanga. Mvumi nzima inajua. Mwaka jana, paa lako lilipokuwa linatengenezwa, ulimpa Shangazi akutunzie mswada wa kitabu chako cha sarufi, nawe hukumwambia ni nini. Yeye alidhani ni madaftari ya zamani ya shule. Akaufungia karanga anazouza kwenye lango la hospitali. Najua uliuandika kwa miaka tisa. Lakini yeye ni dada yako, naye aliuza kurasa zile bila kujua.

Kama huwezi kumwuliza, basi tazama tu. Huu ndio wakati wake wa kuzipaka mbegu.

Mwanao,
Devota


Mvumi,
Jumapili, 15 Juni 2025

Binti yangu,

Marahaba. Utaona kwamba nimechelewa kujibu. Barua yako Obedi aliitia katika mfuko wa koti lake la mvua, na mvua iliisha Aprili. Imepatikana Jumamosi ya juma lililopita, mkewe alipokuwa akilifua koti hilo. Nimemwambia kwamba ofisi za serikali zina bahati kuwa na mtu mwenye mifuko mirefu namna hiyo. Alidhani ninamsifu.

Sehemu ya nne ya barua yako sikuisoma. Niliipitia kwa macho tu.

Sasa sikiliza. Jumatano nilikuwa nikipogoa minyaa. Minyaa ilihitaji kupogolewa, hasa kwa juu, na kwa ajili hiyo nilisimama juu ya kigoda. Mtu aliyesimama juu ya kigoda hawezi kufumba macho, kwa usalama wake mwenyewe. Niliyoyaona bila kukusudia ni haya.

Mwanamke mmoja wa kijiji hiki alitandaza kunde za mbegu juu ya turubai tangu asubuhi. Hakuzigusa. Jua lilipofika utosini, akaziwekea mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la kitu cheupe. Akachovya tita la majani, akazinyunyizia kunde kidogo kidogo, huku akizigeuza kwa mkono wa kushoto. Kabla sijamaliza kukata tawi moja, zilikuwa zimekauka na zinang'aa zote. Kunde zilizokuwa kivulini hakuzinyunyizia. Alizivuta kwanza hadi juani, akasubiri.

Kwa hiyo kosa lako la pili ni hili: unazinyunyizia punje zikiwa baridi. Maji yataondoka vipi kama hayana wa kuyafukuza? Hilo nimelifikiri mwenyewe.

Nilipokuwa nikishuka, mwanamke huyo alimwambia mbuzi wake, kwa sauti ambayo mbuzi hakuihitaji, "Mwaka huu twiga wamefika hadi Mvumi. Wanakula minyaa kwa makasi." Mbuzi aliendelea kutafuna. Nami nilibeba kigoda changu, nikaingia ndani.

Wako,
Bartolomayo


Msalato,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama anauliza kama ni kweli kwamba ulianguka kutoka kwenye kigoda. Habari imetufikia kwa njia nyingine, kwa hiyo usimlaumu Obedi.

Umeniokoa nusu. Punje zetu hutoka kwenye kisu cha mtambo zikiwa za moto, na sisi tulikuwa tunaziacha zipoe hadi kesho yake kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya wakati wa unga. Jumanne nilisimama palepale zinapotoka. Nikaweka mgongo wa mkono, nikasubiri mpaka zivumilike, nikanyunyiza huku Khamisi akizigeuza. Mvuke ukapanda kidogo, na kabla hatujazisukuma hadi kwenye pipa zilikuwa kavu, zinateleza mkononi kama mbegu za Shangazi. Khamisi alichota konzi moja baada ya nyingine, akaziacha ziteleze kati ya vidole.

Lakini bado maziwa yanakatika. Nilipata ya kunyunyizia ndoo mbili tu kabla hayajaharibika. Kwa kreti mia sita nahitaji mapipa. Nimebadilisha joto, nimebadilisha fimbo, nimeongeza mafuta, nimepunguza mafuta. Hakuna lililosaidia.

Huyo mwanamke mmoja wa kijiji anayachanganyaje? Anaanza na nini? Anatumia nini? Nakuomba, Baba Mkubwa, zimebaki wiki sita.

Mwanao,
Devota


Mvumi,
Jumapili, 29 Juni 2025

Devota,

Marahaba. Sikuanguka. Nilishuka kwa haraka.

Anachanganyia ndani. Mlango unaelekea mashariki, nami nipo magharibi. Hakuna tawi la mnyaa linaloweza kupogolewa kutoka mahali ambapo ndani ya nyumba ile kunaonekana. Nimelichunguza jambo hilo.

Kuingia siingii. Nilikwisha kusema mbele ya watu, tena katika lango la hospitali, kwamba sitakanyaga kizingiti kile. Mtu akisema jambo mbele ya watu, limekwisha kuandikwa.

Tafuta njia nyingine. Msalimu mama yako.

B.


Msalato,
Ijumaa, 11 Julai 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Sina habari nyingine za nyumbani kwa sababu nafika nimechoka na nalala.

Jana Bi. Paskazia aliagiza magunia ya unga yaletwe. Yamepangwa mlangoni mwa karakana, ninayapita kila ninapoingia. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Devota, wewe ni mfanyakazi mzuri. Nitakuandikia barua nzuri ya kukutambulisha huko utakakokwenda." Afadhali angenigombeza.

Khamisi naye ameacha mzaha. Hilo ndilo limenitisha kuliko yote.

Pamoja na barua hii Obedi amebeba chupa mbili. Ya kwanza ina mafuta yenye dawa, yamechanganywa tayari na ile sabuni yake. Ya pili ina maji tunayotumia. Nimempa mkononi, si mfukoni.

Baba Mkubwa, kuna jambo siwezi kukuambia sasa kwa sababu niliahidi. Nitakuambia likiisha. Lakini kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwa Shangazi ni hatua thelathini. Najua kwa sababu ulinifundisha kuhesabu kwa kunituma kwake kuomba chumvi, na ulisimama ukisikiliza kama nitaruka namba yoyote. Sikuruka hata moja.

Sikuombi usamehe. Nakuomba ubebe chupa mbili.

Mwanao,
Devota


Mvumi,
Jumapili, 20 Julai 2025

Binti yangu Devota,

Marahaba. Afya ni njema. Ubuyu umeanza kukauka, upepo ni mwingi, na watoto wa shule wamerudi darasani.

Ni hatua thelathini na nne. Uliponihesabia ulikuwa mtoto na hapakuwa na ua. Siku hizi ni lazima kuzunguka minyaa.

Nilikwenda Jumatatu saa nne asubuhi, nimevaa koti. Nilisimama nje ya kizingiti, nikabisha hodi.

"Hodi ya nani?" akauliza kutoka ndani.

"Ya kaka yako."

"Kaka yangu haongei. Nina twiga tu."

"Ruthu, nina chupa mbili mkononi na jua ni kali."

"Ziweke chini."

"Sikuja kuziweka chini. Nimekuja kuuliza."

Kisha nikasikia kigoda kikivutwa, na akasema, "Karibu. Vua koti, utalichafua."

Nikakanyaga kizingiti. Hakikufanya lolote.

Nilimweleza kazi yako kwa sentensi nane kamili. Akanisikiliza huku akipepeta, kisha akatia mafuta yako kidogo katika bakuli, akaongeza maji ya chupa ya pili, akanipa upekecho. "Pekecha," akasema. Sijawahi kushika upekecho tangu nizaliwe, nawe huna haja ya kumwambia mtu. Nilipekecha. Yakawa meupe. Niliposhusha mkono, yakakatika machoni petu.

Ruthu akaichukua ile chupa ya maji, akaitazama kwenye mwanga, akaifungua, akaonja. Akatema nje ya mlango.

"Huko kiwandani," akasema, "nani ameyaonja maji haya?"

"Sijui."

"Wanakunywa nini?"

"Nadhani wananunua ya chupa."

"Ndiyo maana. Haya ni maji ya chumvi, kaka. Ukifulia nguo kwa maji haya, sabuni haitoi povu, inabaki mabonge meupe kwenye beseni. Mtoto mdogo wa hapa anajua. Sabuni ndiyo inayoyashika mafuta na maji yasiachane. Ukiiua sabuni, hao wawili kila mmoja anarudi kwao."

Nikajisikia mjinga, kwa sababu nimeishi na maji ya visima vyetu miaka sabini na mitatu, na chupa ile ilikaa juu ya meza yangu siku mbili. Niliitazama, nikaona ni angavu. Mtu aliyesoma hutazama; Ruthu alionja.

Akanipeleka kwenye kona. Kuna mtungi umefungwa kwa kitambaa na kamba. "Maji ya mvua," akasema. "Ya Machi. Huwa nayakinga kwa ajili ya mbegu tu, hata chai siyapikii." Akayachota kikombe kimoja. Nikapekecha tena. Yakawa meupe. Tukayaweka juu ya meza, tukanywa chai, tukanywa ya pili, tukazungumza habari za marehemu baba yako jinsi alivyokuwa akiogopa bata. Adhuhuri yalikuwa bado meupe. Jioni alimtuma mtu kuniambia kwamba bado. Leo ni siku ya sita nami nimetoka kuyatazama. Yameshika.

Basi jibu lako ni hilo: maji ya mvua.

Kabla sijaondoka aliinama chini ya kitanda, akatoa kopo la biskuti. Ndani yake mna kurasa zangu arobaini na moja. Baada ya ule ugomvi wa langoni alizunguka wodi kwa wodi na nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu waliopata kununua karanga kama wangali na karatasi. Mgonjwa mmoja alikuwa ameutumia ukurasa wangu kama alama katika Biblia yake, akakataa kuutoa mpaka aunakili. Kurasa zote zimelowa mafuta, zimekuwa kama kioo. Ukisoma upande huu unauona na upande wa pili. Alikuwa nazo tangu mwaka jana. Nilimwuliza kwa nini hakuzileta.

"Ningepita wapi?" akasema. "Ulipanda ua."

Ndani mle kulikuwa na moshi mwingi sana, wa kuwasha macho.

Wako,
Baba yako Mkubwa, Bartolomayo


Msalato,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, kiwanda kizima.

Barua yako Obedi aliileta mwenyewe hadi getini, akasimama akingoja niisome. Alisema mkewe amemshonea mfuko wa mbele usio na kifuniko.

Nilikimbia hadi kwa Khamisi nikamwambia tunahitaji maji ya mvua. Akanitazama. "Julai?" akasema. "Dodoma? Labda tumtume mtu Bukoba." Kisha akasimama ghafla, akaelekeza kidole nje ya dirisha. Kwenye kona ya paa la ofisi kuna tangi. Limejaa maji ya mvua ya masika. Unajua yanafanya kazi gani, Baba Mkubwa? Yanamwagilia waridi za Bi. Paskazia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka tangi hilo, kwa sababu maji ya kisima yaliua waridi za kwanza. Mtunza bustani alijua, mlinzi alijua, meneja alijua. Ila hakuna aliyedhani kwamba kitu kinachoua waridi kinaweza kutuhusu sisi.

Nilikwenda ofisini kwake kumwomba. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya ajira yangu. "Yote?" akauliza. Nikasema mapipa manne tu. Akasema, "Waridi nitazinywesha ya chupa. Nenda."

Maziwa yalishika siku hiyo, na ya kesho yake, na ya kesho kutwa. Niliyatia rangi kidogo ya buluu ili nione kama yanafika kwenye kila punje. Punje zilitoka za buluu zote, hafifu, sawasawa. Tarehe 30 Julai Bi. Paskazia alichagua kreti tatu, ya kwanza, ya mia tatu na ya mia sita, akamwamuru Khamisi azikate kwa msumeno mbele yetu wote. Ndani zilikuwa buluu ileile, hata mstari hapana. Aliokota vipande vitatu, akaviweka pamoja, akavitazama. Akasema neno moja: "Ondoeni." Tulidhani ni sisi. Kumbe alimaanisha magunia ya unga.

Karatasi ya ajira ninayo. Imesainiwa. Mama ameiweka ndani ya Biblia, nimemkataza asile karanga karibu nayo.

Sasa lile jambo nililoahidi kutosema. Simu ya Shangazi ilikuwa inapatikana. Nilimpigia kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Alicheka, akasema, "Najua unachotaka, na nitakionyesha. Lakini sikuonyeshi wewe, hata ukija kwa miguu. Aje kaka yangu aniulize mwenyewe mlangoni." Nilimsihi kila wiki. Siku magunia yalipofika nilimlilia kwenye simu, mpaka salio likakaribia kwisha, naye akasema, "Mpe hadi Jumatano. Asipokuja, Alhamisi nitakuambia." Ulikwenda Jumatatu. Nisamehe kwa kukudanganya kwa maandishi.

Kreti ya mia sita na moja ni yako. Obedi ameifunga nyuma ya pikipiki.

Mwanao,
Devota


Mvumi,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Binti yangu Devota,

Marahaba. Kreti imefika, na Obedi amefika pamoja nayo, ingawa kwa mwendo wake wa pikipiki nilidhani ingetangulia. Hongera kwa karatasi ya ajira. Nimeinakili habari hiyo katika daftari la ukoo, chini ya jina la baba yako.

Kuhusu udanganyifu wako wa maandishi: nilijua tangu jogoo alipowika kanisani. Simu ya mtu inayowika mbele ya Mchungaji haishindwi kuwika kwa ajili ya mpwa wake. Nilijua kwamba mnanivuta, wewe kwa kamba moja na yeye kwa nyingine. Mlikosea jambo moja tu. Mlidhani mimi ninahitaji sababu ya kwenda. Sababu nilikuwa nayo tangu siku ya pili ya ugomvi. Nilikosa kisingizio, na kisingizio cha kreti mia sita si cha kudharauliwa.

Lile la Alhamisi sikulijua. Nilimwuliza jana kama ni kweli kwamba angekuambia hata nisipokwenda. Akasema, "Ningemwambia. Wewe ningekuachia minyaa." Tumecheka, kwa kiasi.

Minyaa nimeikata mahali pa upana wa mlango. Sasa ni hatua thelathini tena.

Kreti ilituletea mgogoro wa muda mfupi, kwa kuwa yeye aliitaka kwa karanga nami niliitaka kwa kurasa. Tumekubaliana ikae barazani kwake, upande mmoja karanga, upande mmoja kurasa, ubao katikati. Ninaandika hapo kila asubuhi. Kurasa zilizopotea ninaziandika upya, naye hukaranga huku akinisikiliza. Nikiisoma sehemu ndefu, husema, "Hiyo itafaa kufungia za shilingi mia tano." Nimegundua kwamba nikisikia hivyo huwa kweli ni ndefu. Nimefupisha sura mbili.

Waambie wale mafundi wako kwamba wanaweza kuendelea kuita maziwa. Nimelifikiria jambo hilo tena.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi kutoka kwa shangazi yako. Usishtuke ukiona mwandiko wangu juu yake. Ni ukurasa wa themanini na nane, nami nimeutoa mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamtazama akiukunja. Usome upande wa nje kabla hujafungua, maana wa ndani umekwisha kuingia mafuta.

Ukimaliza karanga, rudisha karatasi. Ulete mwenyewe, usimpe Obedi.

Wako,
Baba Mkubwa